Upasuaji wa kupangwa nao unauma

Wapo wanaoamini kwamba mama aliyejifungua kwa upasuaji uliopangwa hana sababu ya kulalamika maumivu, eti kwa kuwa hakupata uchungu. Si kweli. Awe alipewa tarehe mapema au alikimbizwa chumba cha upasuaji usiku wa manane, ukuta wa tumbo na mfuko wa uzazi hufunguliwa na kushonwa vilevile. Ganzi ya mgongoni huisha baada ya saa chache, na hapo kidonda huanza kuuma.

Tofauti ipo, ila iko kwingine. Mama wa dharura mara nyingi ameshapitia saa nyingi za uchungu, amechoka, pengine amepigwa nusu kaputi. Hatari ya maambukizi kwake ni kubwa zaidi, na hofu aliyoipata haiishi siku anapotoka wodini.

Kinachonisikitisha zaidi ni akina mama kujikaza hadi maumivu yazidi ndipo waombe dawa. Paracetamoli na ibuprofeni hufanya kazi vizuri zaidi zikimezwa kwa saa zilizopangwa siku za mwanzo, na kwa kawaida ni salama kwa anayenyonyesha (mwenye vidonda vya tumbo au shida ya figo amweleze daktari kabla ya ibuprofeni). Kodeini ndiyo ya kuepukwa: hupita kwenye maziwa na inaweza kudhoofisha upumuaji wa mtoto.

Mama aliyetulizwa maumivu huinuka na kutembea mapema, jambo linalopunguza hatari ya damu kuganda miguuni. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, au kukiwa na homa au usaha, arudi hospitali siku hiyohiyo.