Namba ya jimbo haifungui kila ziwa

Ndugu zetu wengi walioko Minnesota, Marekani, wanaamini kwamba ukishasajili pikipiki ya theluji kwa serikali ya jimbo, kila penye theluji ni njia yako, na ziwa likiganda linakuwa la umma. Sivyo hata kidogo.

Chukua Red Lake, kaskazini mwa jimbo hilo. Ardhi ile ni ya Waojibwe, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, kwa pamoja. Haikuwahi kukatwakatwa viwanja vya watu binafsi kama ilivyofanyika kwingine. Kuna maziwa mawili: la chini (Lower Red Lake) lote ni lao, na la juu (Upper Red Lake) kwa sehemu kubwa. Upande wa mashariki wa ziwa la juu tu ndio uko chini ya jimbo. Barafu haihamishi mpaka. Asiye mwanachama wa kabila haingii bila ruhusa ya kabila lenyewe, na mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Wajicarilla Apache, kabila jingine la wenyeji wa asili, ilithibitisha haki ya makabila kuwazuia wageni. Huu si ukali. Ni nyumba ya watu, na mgeni hupiga hodi.

Basi uliza ofisi ya kabila kabla ya kuwasha injini. Kila kabila lina kanuni zake.

Ruhusa nayo haipimi barafu. Toboa tundu, tumbukiza rula: kwa pikipiki ya theluji jimbo linashauri angalau inchi 5 za barafu mpya, angavu, kama sentimita 13. Ikiwa nyeupe kama maziwa, ni dhaifu zaidi; taka unene maradufu. Na usiende peke yako, tafadhali.