Je, kompaila ikijitafsiri yenyewe, ndiyo imefaulu?

Kompaila ni programu inayogeuza maandishi ya mprogramu kuwa amri za mashine. Nyingine huandikwa kwa lugha ileile zinazoitafsiri. GCC, kwa mfano, hujengwa kwa awamu tatu: ya kwanza huzaa ya pili, ya pili huzaa ya tatu, kisha hizo mbili za mwisho hulinganishwa. Zikifanana, niliamini, hakuna la kuuliza tena.

Nilikosea. Mizani ya omena pale soko la Kibuye, Kisumu, iliyokwama gramu 50 juu itatoa jibu lilelile asubuhi na jioni. Tena kompaila inapojitafsiri hupima yale tu ambayo maandishi yake yenyewe yanayatumia, na hapo ndipo niliponaswa.

Lugha yangu ndogo ya kuprogramu, ambayo kompaila yake imeandikwa kwa lugha hiyohiyo, niliiongezea neno “isipokuwa”, ambalo kompaila ililibadilisha kuwa “kama si” na kuendelea na safari. Ilijitafsiri bila kikwazo, kwa sababu kila nilipolitumia ndani yake lilikuwa na sharti moja. Sasa chukua amri hii: boda itoke isipokuwa mvua au giza. Ikishabadilishwa inakuwa: kama si mvua au giza, itoke. Binadamu wa Kondele anaelewa kwamba yote mawili yamekanushwa. Mashine hukipa kikanushi “si” kile kilicho karibu nacho tu, yaani mvua. Giza linabaki sababu ya kutoka! Boda yangu ilikuwa radhi kuondoka usiku wa manane, mvua ikinyesha.

Kosa kama hilo hunaswa kwa kuandika jambo moja kwa njia mbili, moja kwa neno jipya na nyingine kwa maneno ya zamani, kisha kulinganisha majibu kwa kila hali: hapa ni nne tu. Kwa lugha ya C, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walitumia Csmith, inayotunga programu kiholela na kuzipitisha kwenye kompaila kadhaa. Kufikia 2011, baada ya miaka mitatu, walikuwa wameripoti makosa zaidi ya 325.

Ila omena mbichi hudondosha maji kati ya mizani na mizani. C nayo ina mambo isiyoyapa maana, kama namba kamili inayoweza kuwa chanya au hasi inapozidi nafasi iliyotengewa, na hapo tofauti si kosa la kompaila. Csmith huyakwepa makusudi. Na kompaila zote zikikosea kwa namna moja, ulinganisho hauoni kitu.

Yangu ilitibiwa na mabano mawili: kama si (mvua au giza), itoke.