Je, wajua kwa nini filamu moja huweza kusukuma sheria ambayo ripoti nyingi zimeshindwa kuitikisa?

Mwanamke ameshika simu sikioni, anasubirishwa. Taya lake liliteguka miaka kadhaa iliyopita, alipopigwa na mkubwa wake wa kazi katika kikosi cha ulinzi wa pwani cha Marekani, mtu yule yule aliyembaka. Tangu hapo kutafuna ni maumivu, anakula vitu laini tu. Anachotaka ni jibu moja kutoka idara inayowahudumia waliokuwa askari: watalipia matibabu au hawalipii? Kamera haiondoki. Nasi tunaotazama tunasubiri naye, na kadiri muda unavyopita tunaelewa jambo ambalo hakuna aliyelitamka, kwamba ile siku ya kubakwa ilikuwa mwanzo tu wa mateso yake. Mwishowe jibu linakuja. Hastahili, kwa sababu aliondoka kikosini miezi miwili kabla ya kutimiza miaka miwili ya utumishi.

Mwanamke huyo ni mmoja wa wahusika wa The Invisible War, filamu ya makala, au dokumentari kama wengi wanavyoiita, iliyoongozwa na Kirby Dick na kutayarishwa na Amy Ziering na wenzake. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Januari 2012 katika tamasha la filamu la Sundance, Marekani. Tarehe 14 Aprili mwaka huo, Leon Panetta, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Marekani, aliitazama. Siku mbili baadaye alitangaza kwamba uamuzi wa awali kuhusu kesi nzito za ubakaji jeshini hautaachiwa tena makamanda wa ngazi ya chini, bali utapandishwa hadi ngazi ya kanali.

Siku mbili! Na wizara hiyo hiyo ilikuwa na hesabu zake tangu zamani. Makisio yake yenyewe ya mwaka 2010 yalitaja mashambulio ya kingono yapatayo 19,000 kwa mwaka ndani ya jeshi. Namba hiyo ilikuwa imeandikwa, imepigwa chapa, imesambazwa ofisini. Kwa nini basi namba haikumwinua mtu kitini, na taya moja likaweza?

Sehemu ya jibu imo katika namna akili zetu zilivyoumbwa. Mwaka 2007 watafiti watatu, Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa Marekani. Washiriki walipewa dola 5 mkononi, kisha wakaombwa kuchangia shirika linalosaidia watoto. Kundi moja lilipewa takwimu za mamilioni ya watu wenye njaa. Kundi jingine lilionyeshwa picha na habari za msichana mmoja wa miaka 7 kutoka Mali. Waliopewa takwimu walitoa wastani wa dola 1.14. Waliomwona mtoto walitoa dola 2.38, zaidi ya mara mbili. Kundi linalonigusa mimi zaidi ni la tatu, lililopewa vyote viwili, mtoto pamoja na takwimu. Mtu angetarajia litoe zaidi ya wote. Lilitoa dola 1.43. Namba zilipoingia, zilimfunika mtoto.

Mwongozaji mzuri analijua hili hata kama hajasoma utafiti wowote. Anaweza kuwahoji wanawake wengi kwa miaka, lakini anapofika kwenye chumba cha uhariri anabaki na wachache tu, na takwimu anaziweka kwa uchache sana, maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, kisha anarudi haraka kwenye uso. Ripoti itaandika kwamba mlalamikaji "alikabiliwa na vikwazo katika kupata huduma". Ni kweli kabisa, lakini sentensi hiyo haina mlango wa kuingilia. Filamu inakukalisha kwenye kochi la mlalamikaji na kukushikisha simu yake. Hata ukimya una kazi. Mhariri asiyejua kazi atakata pale mhojiwa anaponyamaza. Anayejua ataacha sekunde kumi za mtu anayetazama vidole vyake, kwa sababu mara nyingi ushahidi umo hapo.

Hata hivyo, machozi peke yake hayajawahi kutunga sheria. Watu wengi hulia sinemani, wakatoka nje, wakatafuta usafiri wa kurudi nyumbani. Waliotengeneza The Invisible War walilitambua hilo, na kabla filamu haijafika kwenye majumba ya sinema mwezi Juni, waliipeleka faraghani mbele ya maofisa wa jeshi na watunga sheria mjini Washington. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndipo wengi wanapokosea wanaposimulia nguvu ya filamu. Watazamaji milioni ni jambo jema, lakini mtazamaji mmoja mwenye kalamu ya kutia sahihi, akiwa ameketi gizani bila msaidizi wa kumnong'oneza, ni jambo jingine. Akitoka hapo hawezi tena kusema hakujua.

Mmoja wa walioitazama ni seneta Kirsten Gillibrand, ambaye mwaka 2013 alipeleka muswada wa kuwaondolea makamanda mamlaka juu ya kesi hizo. Machi 2014 ulipata kura 55 katika Seneti, zilihitajika 60. Ukaanguka. Akaurudisha, akaurudisha tena. Desemba 2021 ndipo sehemu kubwa ya mageuzi hayo ilipoingia katika sheria, na uamuzi wa kushtaki ukahamia kwa waendesha mashtaka maalumu wasio chini ya kamanda. Kwa hiyo ukiambiwa filamu ilibadilisha jeshi kwa siku mbili, jua ni kweli kwa sehemu yake. Sehemu iliyobaki ilichukua karibu miaka kumi ya kubisha hodi.

Pakistan inatuonyesha upande mwingine wa jambo hili, nao una uchungu zaidi. Tangu 1990 sheria za nchi hiyo ziliruhusu warithi wa aliyeuawa kumsamehe muuaji. Kwa mauaji ya kile kinachoitwa kulinda heshima ya ukoo, maana yake ilikuwa ya kutisha: baba akimuua binti, anayesamehe ni mama au kaka wa binti huyo huyo. Familia inashtaki, familia inasamehe, kesi inakwisha. Mwongozaji Sharmeen Obaid-Chinoy alikutana na msichana wa mkoa wa Punjab aliyeolewa na kijana aliyempenda dhidi ya matakwa ya nyumbani. Baba na ami yake walimpiga risasi, wakamtia kwenye gunia, wakamtupa mtoni. Risasi ilimkwaruza usoni. Alijinasua, akashika vichaka vya kando ya maji, akapanda juu.

Alinusurika, na alitaka wafungwe. Katika filamu iliyotoka humo, A Girl in the River ya mwaka 2015, tunaona jinsi wazee wa mtaa na jamaa za mumewe wanavyomzunguka wakimwambia kwamba maisha lazima yaendelee, kwamba ataishi na watu hawa hawa, kwamba uadui hauna faida. Hatimaye anatamka msamaha mahakamani, na walewale waliomtia guniani wanarudi nyumbani. Kwangu mimi, sehemu hiyo inaumiza kuliko gunia lenyewe. Gunia ni ukatili wa watu wawili. Ule msamaha ni sheria ikifanya kazi kama ilivyoandikwa.

Februari 2016 waziri mkuu Nawaz Sharif alikubali filamu hiyo ionyeshwe katika ofisi yake mjini Islamabad, akaahidi kuiziba ile njia ya kukwepa adhabu. Siku chache baadaye ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu fupi ya makala. Muswada wa kuiziba njia hiyo haukuwa mpya. Wanaharakati na wabunge wanawake walikuwa wamehangaika nao kwa miaka. Filamu haikuandika kifungu hata kimoja. Ilichofanya ni kuliondoa jalada chini ya majalada mengine. Hata hivyo jalada lilikaa tena, hadi Julai mwaka huo, Qandeel Baloch, mwanamke aliyekuwa maarufu mitandaoni, alipouawa na kaka yake. Oktoba 2016 bunge likapitisha sheria: muuaji wa aina hiyo, hata akisamehewa na familia, atumikie kifungo cha maisha.

Ningependa kuishia hapo, lakini si haki. Kaka yake Baloch alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2019, na Februari 2022 mahakama ya rufaa ikamwachia huru baada ya mama yao kumsamehe. Mlango uliofungwa ulikuwa na ufa, kwani mahakama ikikataa kuyaita mauaji kuwa ya heshima, msamaha wa familia unarudi kufanya kazi yake. Anayeuliza kama filamu hubadilisha sheria aulize pia nani anabaki kuilinda baada ya taa za ukumbi kuwashwa.

Mbinu hii ya kumwachia mwenye shida azungumze mwenyewe ina umri mkubwa kuliko wengi tunavyodhani. Mwaka 1935, mjini London, Arthur Elton na Edgar Anstey walipeleka kamera na vifaa vizito vya sauti ndani ya vyumba vya makazi duni ya Stepney kwa ajili ya filamu ya Housing Problems. Zamani hizo maskini walionyeshwa tu, sauti ikawa ya msimulizi. Safari hii mama wa nyumbani alisimama chumbani mwake akasimulia habari ya panya aliyemvamia. Ruby Grierson, aliyesaidia kwenye kazi hiyo, inasimuliwa kwamba aliwaambia wakazi kamera ni yenu na maikrofoni ni yenu, waambieni mnavyoishi. Gharama zililipwa na chama cha makampuni ya gesi, ambacho kilikuwa na faida yake katika ujenzi wa nyumba mpya. Swali la nani amelipia filamu ni la kuuliza hata sasa.

Kilichowafungulia wanawake njia kwa kweli ni chombo. Mwaka 1967 Sony walianza kuuza Portapak, kamera ya video na kinasa chake ambavyo mtu mmoja aliweza kubeba begani. Hakukuwa na haja ya kupeleka mkanda maabara kusafishwa. Ulirekodi, ukaurudisha nyuma, ukaonyesha papo hapo. Carole Roussopoulos alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo Ufaransa kununua. Juni 1975, wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya ngono mjini Lyon waliingia katika kanisa la Saint-Nizier na kugoma kutoka, wakipinga faini zisizokwisha na vifungo vya polisi. Walikuwa na mengi ya kusema, lakini kutoka nje kuyasema kulikuwa na hatari. Roussopoulos aliingia na kamera yake, akawarekodi wakieleza watoto wao, polisi, wateja na unafiki wa mji. Kisha runinga zikawekwa nje ya kanisa. Wapita njia waliokuja kushangaa wakajikuta wamesimama barabarani wakiwasikiliza wanawake waliokuwa mita chache tu nyuma ya ukuta. Baada ya siku nane hivi polisi waliwatoa kwa nguvu. Wakati huo maneno yao yalikuwa yamekwisha kutoka nje.

Lakini anayesema analipa. Mwongozaji hurudi kwake na tuzo. Mhusika hubaki katika kijiji kile kile, na jamaa wale wale. Hati ya ridhaa iliyosainiwa asubuhi moja haitoshi, kwa sababu mtu huweza kukubali kuhojiwa bila kujua kwamba sura yake itafika mabara yote. Na hata pasipo hatari, kuna maumivu ya kujiona umesimuliwa nusu. Writing with Fire, filamu ya 2021 kuhusu chombo cha habari cha Khabar Lahariya kinachoendeshwa na wanawake, wengi wao Wadaliti, yaani watu wa tabaka linalodharauliwa kuliko yote, huko Uttar Pradesh nchini India, ilipendwa sana duniani na kuteuliwa kuwania Oscar. Machi 2022, siku chache kabla ya sherehe, wanahabari hao hao walitoa tamko kwamba inawaonyesha kana kwamba kazi yao yote ilikuwa kukifuatilia chama kimoja cha siasa. Walisema hadithi yao ni kubwa kuliko hiyo. Niliwaelewa. Miaka ya kazi yako inabanwa iwe dakika tisini na kidogo, na mkasi haumo mkononi mwako.

Njia ya kuushika mkasi pamoja ilishajaribiwa. Mwaka 1967, katika kisiwa cha Fogo nchini Kanada, serikali ilifikiria kuwahamisha wavuvi na familia zao. Mwongozaji Colin Low, akifanya kazi chini ya mpango wa Bodi ya Filamu ya Taifa ulioitwa Challenge for Change, alirekodi filamu fupi zaidi ya ishirini na wakazi. Kila moja ilionyeshwa kwanza kwa aliyehojiwa, naye alikuwa na haki ya kuondoa asichokitaka. Kisha zikazungushwa katika vijiji vya kisiwa, watu wakaona kwamba jirani asiyesemezana nao ana shida ile ile. Katika mpango huo huo, miaka michache baadaye, Kathleen Shannon alitengeneza mfululizo kuhusu akina mama wenye kazi, na mwaka 1974 akaanzisha Studio D, idara ya filamu ya wanawake iliyolipiwa na serikali.

Filamu za Fogo zilipelekwa kwa waziri wa uvuvi, akazitazama. Kisha kamera ikageuzwa, ikamrekodi yeye akijibu, na mkanda ukarudishwa kisiwani, ambako wavuvi na wake zao waliketi ukumbini kumtazama waziri akijieleza mbele yao.