Servisi ya gari si oili peke yake

Servisi ni kazi inayofanyiwa gari zima kwa ratiba iliyowekwa na kiwanda kilicholiunda. Kila baada ya kilomita kadhaa au miezi kadhaa, chochote kitakachotangulia, kuna vitu vya kubadilishwa, vya kuongezwa na vya kukaguliwa, hata kama gari halina kasoro unayoisikia. Gari likizima njiani ukamwita fundi, hayo ni matengenezo, ni kazi nyingine.

Hapa Mombasa maana hiyo imekatwa ikabaki oili. Nenda katazame gari linalouzwa, iwe Tudor au Bamburi, mwenyewe atakuapia: "Ndugu yangu, hii nimeifanyia servisi juzi tu." Ukimuuliza servisi gani, atakwambia oili imemwagwa ikatiwa mpya, na filta yake, basi. Wala hakudanganyi, maana ndivyo alivyoambiwa gereji. Lakini oili ni mstari mmoja tu wa ratiba. Iko filta ya hewa, ziko plagi, mafuta ya breki, maji ya radieta, oili ya giaboksi, pedi, tairi, bushi za chini, na kila kimoja kina muda wake. Plagi za iridiamu hukaa hadi kilomita 100,000, ilhali zile za kawaida huisha mapema zaidi. Mkanda wa taiming, ule unaozifungua na kuzifunga valvu kwa wakati wake, kwa injini zinazoutumia, aghalabu hubadilishwa karibu na kilomita 100,000, na katika injini nyingi ukikatika gari likiwa mwendoni pistoni hugonga valvu. Mtu anaweza kubadilisha oili bila kukosa hata mara moja miaka yote, na mkanda huo bado ukamkatikia.

Hilo la oili nalivumilia. Linalonichosha ni hesabu ya kilomita peke yake. "Gari yangu haijafika elfu tano, servisi ya nini?" Tazama kile kibandiko fundi anachokibandika pembeni mwa kioo cha mbele: kilomita zimeandikwa kwa kalamu nene, na pale pa tarehe pako wazi. Nusu ya ratiba imeachwa, na nusu hiyo ndiyo inayotuhusu sana sisi watu wa pwani.

Magari yetu mengi yanashushwa Kilindini yakitoka Japani, yakiwa yameshatumika, na sheria inataka yasizidi umri wa miaka 8. Fungua mlango wa dereva, utazame kwenye fremu yake. Mara nyingi utakuta kibandiko cha huko, kina kilomita na kina tarehe. Mwaka wakati mwingine huandikwa kwa hesabu ya enzi ya mfalme wao, hivyo ukiona 5 huenda ni mwaka wa 5 wa Reiwa, yaani 2023. Toyota, kwa magari yake ya petroli yasiyo na tabo (kile kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi) yanayouzwa Japani kwenyewe, huelekeza oili ibadilishwe kila kilomita 15,000 au mwaka 1. Kwa matumizi magumu, muda huo hukatwa nusu: kilomita 7,500 au miezi 6.

Na matumizi magumu si mizigo na milima pekee. Safari fupi fupi zimo, na kukaa sana injini ikiwa inanguruma gari limesimama pia kumo. Sasa mfikirie mtu wa Nyali anayevuka daraja kila asubuhi kuingia mjini, au wa Likoni aliye kwenye foleni ya feri, vioo amefunga, eisi inapuliza. Injini inafanya kazi, oili inapata joto na kuchafuka, na kilomita hazisogei. Kwa safari fupi injini inazimwa kabla oili haijapata moto wa kutosha, basi unyevu na petroli iliyopenya humo havipati nafasi ya kukauka. Gari kama hilo likisoma kilomita chache kwa mwaka, msidhani limepumzika.

Mafuta ya breki ndiyo hayana habari kabisa na kilomita. Yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu hapa unyevu haiishi, kaskazi na kusi. Mafuta ya DOT 3, mojawapo ya madaraja ya mafuta ya breki, yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za selsiasi. Yakishanyonya maji, kipimo cha chini kinachokubalika hushuka hadi 140. Breki zikipata moto wa kutosha, tuseme kwenye mteremko wa Mazeras ukirudi mjini na gari limejaa watu, maji hayo hugeuka mvuke, na pedali inazama mguuni kama imekanyaga hewa. Ndiyo maana viwanda vingi huelekeza yabadilishwe kila baada ya miaka 2 au karibu na hapo, gari liwe limetembea au limelala. Fungua boneti utazame kile kichupa cha mafuta ya breki: mafuta mapya ni meupe au ya manjano hafifu, na ukiyakuta meusi jua yamekaa mno.

Radieta nayo ina kisa chake. Watu husema kulanti, ile dawa ya kutiwa kwenye maji ya radieta, ni ya nchi za baridi, sisi tutie maji tu. Kulanti huzuia kuganda, kweli, lakini pia huyapandisha maji kiwango cha kuchemka na huzuia kutu ndani ya injini. Dawa hiyo ya kutu huisha nguvu kwa kukaa. Na anayejaza maji ya kisima, wakati visima vingi vya kisiwani ni vya chumvi, anaila radieta na pampu yake mwenyewe polepole.

Kwa hiyo aliyebadilisha oili aseme amebadilisha oili. Ni kazi nzuri na hakuna aibu ndani yake. Aliyefanya servisi ataweza kutaja mambo matatu: tarehe, kilomita, na vitu vilivyobadilishwa au kukaguliwa siku hiyo. Na ukifika gereji, badala ya kumwambia fundi "nifanyie servisi" ukaenda zako kunywa chai, mpe umri wa gari na kilomita zake, kisha muulize ni kipi kimefika muda wake. Halafu mkumbushe, kwa upole, aijaze na ile tarehe.