Kilomita kidogo kwa Demio ya dizeli sio sifa

Nimechoka na hii maneno, wacha niandike mara moja nikimaliza niwe natumia watu link tu. Mtu anakuja gereji hapa Nakuru na Mazda Demio ya dizeli amenunua juzi, taa ya DPF imewaka, gari haivuti, na kabla hata sijafungua boneti ananiambia "lakini fundi, hii ni ya kilomita 40,000 pekee, Japani ilikuwa ya mama mzee wa kwenda sokoni tu." Sasa hiyo ya kwenda sokoni tu ndio shida yenyewe! Broka anaiuza kama sifa na mnunuzi anaongeza pesa juu yake.

Piga hesabu. Kilomita 40,000 kwa gari ya miaka 7 ni karibu kilomita 16 kwa siku, kwenda na kurudi. Yaani safari za kilomita 8, injini inaanza kupata moto ndio inazimwa. Petroli itavumilia. Dizeli ya kisasa haivumilii, juu iko na DPF, ile chujio ya masizi kwa ekzosi. Masizi yakijaa kiasi fulani, kompyuta inaongeza dizeli kidogo kwa silinda ikiwa imechelewa makusudi, joto la ekzosi linapanda mpaka karibu digrii 600 na masizi yanaungua. Hiyo kazi inataka gari iwe inakimbia barabara wazi kama dakika 15 ama 20 bila kusimamasimama. Ukizima katikati haijamaliza, kesho inaanza upya, unazima tena, na kila mara kuna ile dizeli ya ziada inateleza ukutani mwa silinda, inapita ringi na kuingia ndani ya oili ya injini.

Ndio maana kitu ya kwanza mimi huangalia ni dipstiki, na hapa watu wanasoma kinyume kabisa. Wanaona oili iko juu wanafurahi, ati mwenyewe alikuwa anaitunza. Chomoa, pangusa, rudisha, chomoa tena gari ikiwa imesimama pahali tambarare. Kwa hizi Demio kuna alama ya chini, ya juu, halafu juu zaidi kuna X. Oili ikipita alama ya juu inaelekea X na hakuna mtu ameongeza, hiyo ni dizeli imeingia. Sugua tone kati ya vidole, utasikia ni nyepesi haina ule utelezi mzito, nusa, inanuka dizeli. Rangi usihangaike nayo, oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya sevisi. Injini iliyotembea na oili kama hiyo imekula bearing, cheni na turbo, na mita bado inasoma 40,000!

Mimi nipe ya kilomita 120,000 yenye ilikuwa inapanda Eldoret na kurudi kila wiki na risiti za oili ziko. Risiti nasema nikimaanisha, na zisomeke ni oili gani. Hii injini inataka oili ya majivu kidogo, yenye mkebe umeandikwa DL-1 ama C3. Ukikuta walikuwa wanaweka ile 15W-40 ya lori, jua majivu yake yamekaa kwa DPF na hayo hayaungui hata uendeshe mpaka Malaba. Masizi huungua, majivu hapana, na watu wanachanganya hivi vitu viwili kila siku.

Sijaguza bado habari ya mita kurudishwa. Itisha auction sheet, ile karatasi ya mnada wa Japani yenye kilomita, na ulinganishe, sawa, lakini elewa hata mita ikiwa ya ukweli mtupu bado haijakuambia gari ilitembea vipi.

Ekzosi sasa. Weka kidole ndani ya bomba. Dizeli yenye DPF nzima bomba lake ni kavu na karibu safi, vumbi la kijivu tu. Kidole kikitoka cheusi kama umeshika sufuria ya kuni, DPF imepasuka ama imetobolewa. Na hapa niseme ukweli, sisi mafundi hatukubaliani. Kuna wenye hutoboa kila DPF inayokuja, kuna sisi tunaosafisha. Kwa mtu anazunguka tauni tu, nimewahi kujiuliza kama kusafisha ni kumsaidia ama ni kuahirisha, lakini huo moshi ni watoto wetu wanavuta, kwa hivyo sitoboi, na mwenye gari ya tauni namwambia anunue petroli. Ukipata imetobolewa na muuzaji hakukuambia, jiulize nini kingine hakusema.

Sasa kuwasha injini ikiwa baridi. Fika asubuhi na umwambie muuzaji mapema asiwashe. Shika injini kwanza, ikiwa na joto rudi siku nyingine. Kisumu mjini hii testi haikusaidii sana, joto la huko linaficha heater plugs zilizokufa, zile plagi za kupasha silinda joto, na hii injini compression yake, yaani vile inabana hewa, ni 14.8, ndogo kwa dizeli, kwa hivyo asubuhi ya baridi inategemea hizo plagi. Unanunua Kisumu inawaka fiti, unalala nayo Molo, asubuhi inatetemeka na kutoa moshi mweupe.

Halafu mlima. Kutoka Nakuru pitia Salgaa ukipanda mpaka Mau Summit, ukiwa makini na malori, kutoka Kisumu panda Riat. Turbo inafaa kuvuta kuanzia chini bila kusita na bila wingu jeusi nyuma. Ikikataa kupita mwendo fulani, hiyo imejilinda, yaani kompyuta imeona shida ikapunguza nguvu.

Beba mashine ya kusoma kodi, yaani zile code za hitilafu kompyuta ya gari huweka, hata ile ndogo ya simu. Usiangalie kodi peke yake, tafuta mahali imeandika umbali tangu kodi zifutwe. Gari iko na 60,000 na kodi zilifutwa kilomita 9 zilizopita, mwambie muuzaji akueleze alifuta nini asubuhi hiyo.

Bushi, shoki, maunting, tairi, fundi yeyote atakuangalilia. Search ya logbook fanya kabla ya deposit, kama kuna benki imeandikwa hapo usilipe.

Chenye siwezi kukuahidi ni injekta, zile za kupuliza dizeli kwa silinda. Naweza kusoma vile kompyuta inazirekebisha na nikwambie leo ziko sawa, lakini testi ya saa moja haitasema zimebakisha maisha gani, na fundi akikuhakikishia hiyo anakudanganya. Kwa hivyo usimalize pesa yote kwa bei ya gari, weka kando pesa ya injekta angalau moja.