Je, wajua kwa nini chungu cha maua huwa na nyoka?

Ukihamisha mche ulionunua kwa wauza maua wa kando ya barabara Dar es Salaam, udongoni anaweza kudondoka kiumbe mweusi, mwembamba, anayejinyonganyonga kwa kasi. Wengi humdhania nyungunyungu. Kumbe ni nyoka kamili, nyoka kipofu aitwaye Indotyphlops braminus, ambaye kwa kawaida ana urefu wa sentimita 10 hadi 15 na hana sumu.

Mtazame vizuri. Nyungunyungu ana pingili na ute. Huyu ana magamba yanayong'aa, hutoa ulimi, na macho yake ni vidoa viwili vilivyofunikwa na gamba. Mkiani ana kijimwiba anachokikita udongoni ili ajisukume mbele. Kinaweza kukuchoma kidogo, basi.

Asili yake ni Asia, na amesambaa duniani ndani ya udongo wa miche. Safari hizo zimemfaa kwa sababu wote ni majike: hutaga bila dume, na watoto nao huwa majike. Kinyoka mmoja tu anatosha kuanzisha ukoo bustanini.

Chakula chake ni mayai na mabuu ya sisimizi na mchwa. Hufuata harufu yao hadi kiotani, na kwa meno yaliyo kwenye taya la juu tu hukomba chakula upesi, maana askari wa kiota huuma. Yeye mwenyewe huliwa na ndege, kuku na nyoka wengine. Huko Texas, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 1987 ulionesha kwamba bundi hupeleka nyoka vipofu wa aina nyingine kiotani wakiwa hai. Nyoka hao hula mabuu ya nzi humo, na makinda wanaoishi nao hukua haraka zaidi.

Kwa hiyo usimuue. Masika maji yakijaa udongoni hupanda juu, pengine hadi bafuni. Mzoe kwa kipande cha karatasi umrudishe kwenye udongo wenye unyevu na kivuli. Akiachwa kwenye saruji yenye jua, hukauka na kufa.

Wa kuogopwa ni nyoka mwenye sumu aitwaye Atractaspis: mweusi au kahawia iliyokolea, mnene kuliko huyu, anaweza kupita nusu mita, naye pia huishi ardhini. Hata ukimbana shingo atakudunga, kwa sababu meno yake ya sumu hutokea ubavuni mwa mdomo bila kuufungua. Akikudunga vua pete, usifunge kamba wala kuchanja, nenda hospitali mara moja.