Kabati la Mark Dion si kazi nzima

Nikiwaonyesha wanafunzi picha za Tate Thames Dig, kazi ya msanii Mmarekani Mark Dion ya mwaka 1999 huko London, macho yote hukimbilia kabati: mbao za mahogani, vioo, droo, viko vya udongo, vigae, maganda ya chaza, vitu vya plastiki. Kisha nasikia lile lile, kwamba sanaa ni kabati na wakazi waliookota walikuwa vibarua wa msanii. Nimechoka kulisikia, maana wanaolisema ndio watakaopewa fedha kesho wakafanye sanaa na wanavijiji.

Kazi ile ilikuwa na hatua tatu. Maji ya mto Thames yalipokupwa, wakazi wa jirani, vijana kwa wazee, walipita ufukweni wakiokota, Millbank ukingo mmoja na Bankside ukingo wa pili. Halafu mahema yakasimamishwa kwenye nyasi za Tate, jumba la sanaa kule Millbank, vitu vikaoshwa na kuchambuliwa hadharani. Kabati lilikuja mwisho. Sasa mfikirie mtu aliyeshika kijiti cheupe chenye tope. Akidhani ni mfupa, akisugua kwa mswaki anaona tundu limepita katikati: ni mrija wa kiko. Akipata na kichwa chake, udogo wake unamwambia ni cha zamani, enzi ambazo tumbaku ilikuwa ghali. Akibishana na mwenzake kiwekwe kundi gani, ubishi huo ndio sanaa yenyewe. Kwa hiyo nasema kila mara: msiwaage watu baada ya kuokota. Meza ya kuchambulia ni yao. Msanii akijifungia kupanga vitu peke yake, amefanya maonyesho, hajafanya kazi na jamii.

Wengine husema uchimbaji ni wa vitu vya kale tu. Si kweli: msanii Daniel Spoerri alizika meza za karamu pamoja na vyombo na masazo huko Jouy-en-Josas, Ufaransa, mwaka 1983. Mwaka 2010 wanaakiolojia wakaja kuzifukua kwa taratibu zao za kawaida.

Eti vitu vya Dion vingeweza kutoka mto wowote? Kabla ya Tate, Millbank palikuwa na gereza kubwa. Bankside palikuwa na kumbi za tamthilia za enzi za Shakespeare. Kabati lina pande mbili kwa sababu hiyo, kila ukingo na upande wake.

Na wapo wanaoiona kazi ya Dion kuwa ruhusa ya kuokota popote. Hapana! Pale Thames maji yanayojaa na kupwa yameshachanganya kila kitu, na watu waliokota vya juu tu, ingawa neno Dig katika jina lina maana ya kuchimba. Lakini kwenye magofu ya kale ya Gedi au Kilwa Kisiwani, kigae kikitolewa kwenye tabaka lake bila kurekodiwa, habari yake imepotea, hairudi. Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, Tanzania ina ya mambo ya kale ya mwaka 1964. Anzeni na kibali, ndipo mwaite majirani.